Stika Nyekundu Zenye Jina Langu

Walisema mtu wa diploma hawezi kumshauri daktari. Walisema Voi si mji wa kumlipa mtu kwa maneno. Mjomba wangu aliweka kikombe cha chai chini aliposikia kwamba nimeacha kazi ya duka la dawa la hospitali kule Botswana, nikarudi nyumbani kufungua ofisi ya ushauri wa dawa na vituo vya afya. "Dawa inamezwa," akaniambia. "Hapo pa kushauriana ni wapi?" Wengine walicheka kwa adabu zaidi, kisha wakanipa miezi sita.

Ofisi hiyo nimeifunga mwaka huu, kwa hiari yangu, nikiwa na meno yangu yote. Wengi walionipa miezi sita nimehudhuria mazishi yao.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii mmeniomba niandike nilivyopita. Ya vyeo na mishahara sitayaandika kwa kuwa hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika yaliyonishtua. Mtu aliyeacha kushtuka katika kazi hii ni heri aende akalime kabeji.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu ana kemisti, zahanati au hospitali ndogo. Dawa zinaingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine, na hapo katikati kuna joto, panya, haraka na binadamu. Mimi huitwa kuangalia hapo katikati.

Wa kwanza kuniita alikuwa Bi. Zuhura, mwenye kemisti mtaani Kaloleni, mama wa makamo ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Nilimwendea na koti, tai, na ripoti niliyoichapa kwa wino wa rangi. Aliisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Karatasi nimeziona, mwanangu. Sasa vua koti, unionyeshe kwa mikono."

Stoo yake ilikuwa na paa la bati bila dari. Nilitundika kipimajoto changu ukutani saa nane mchana, tukasubiri. Kilipanda mpaka nyuzi thelathini na tisa. Dawa nyingi za kawaida hazitakiwi kupita thelathini. Nilifungua makopo nikakuta kapsuli zimeshikana kama tende, na sharubati za watoto zimebadilika rangi. Nilibaki mdomo wazi. Huko nilikotoka stoo ilikuwa na kiyoyozi, na sikuwahi kujua kwamba dawa inaweza kupikwa ikiwa bado ndani ya kopo.

"Ndiyo maana watu hurudi wakasema homa haikusikia," Bi. Zuhura akasema polepole. "Mimi mwenyewe humu hukaa na upepeo. Hizo dawa hazina mkono wa kujipepea."

Kisha akanifundisha jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Alifungua kopo la aspirini akaniletea puani. Lilinuka siki.

"Kidonge kikinuka hivyo kimeshaharibika, hata karatasi iseme nini," akasema. "Marehemu baba alikuwa akiuza dawa hapa kabla hujazaliwa, na hakuwa na cheti hata kimoja."

Somo hilo nimewafundisha watu wenye digrii. Mmoja aliliandika mara mbili.

Tulitia dari ya mbao, tukafungua madirisha mawili ya wavu, tukainua maboksi kutoka sakafuni na kuyatenga na ukuta. Wiki ya pili kipimajoto kilisoma ishirini na nane, nami nikatembea Kaloleni kama mtu aliyelishusha jua mwenyewe.

Kuanzia hapo vifaa vyangu vilikuwa hivi: tochi, kalamu ya wino mzito, kitambaa cha vumbi, mashine ya kupima presha, na vipimajoto viwili. Kimoja hukudanganya, viwili huulizana. Kompyuta nilikuwa nayo pia. Ilikaa garini.

Kazi ya pili ninayoikumbuka ilikuwa zahanati moja ndogo upande wa Salaita. Waliniita nikague friji ya chanjo. Mlangoni pa friji palibandikwa chati ya joto, asubuhi na jioni: tano, tano, tano, tano. Mwandiko safi. Nilikuwa karibu kuwapongeza nilipoiona tarehe. Siku hiyo ilikuwa kumi na nane ya mwezi, na chati ilikuwa imejazwa mpaka thelathini.

"Joto la kesho mmelipimaje?" nikamwuliza muuguzi wa zamu.

"Sista mkuu alikuwa anaenda likizo," akajibu bila wasiwasi wowote. "Hakutaka kuacha viporo."

Nilitafuta pa kukaa nikapata ndoo. Ndani ya friji, chupa za chanjo zilizokuwa nyuma zilikuwa zimeganda na kuwa barafu, na chanjo za aina ile zikishaganda ni maji tu. Watoto wa vijiji vitatu walikuwa wanachomwa sindano na kulia bure. Tulitupa kila kitu kilichokuwa ndani ya friji isipokuwa maziwa, ambayo mwenyewe aliyadai.

Tangu siku hiyo, katika kila semina niliwaambia watu: rekodi isiyo na kasoro ndiyo ya kwanza kuitilia shaka. Neno hilo nililisema Mwatate, nikalisema Wundanyi, nikalisema Taveta. Ningefanya vizuri kulisikiliza mimi mwenyewe.

Sasa niwaeleze stika. Zilikuwa fikira zangu mwenyewe, na zilifanya jina langu lijulikane kaunti nzima. Dawa ikibakiza miezi mitatu kufikia tarehe ya mwisho, boksi lake linabandikwa stika nyekundu, pamoja na kila pakiti iliyomo, na kuletwa mbele ya rafu ili litumike kabla ya mengine. Likifika tarehe halijatumika, linaandikwa katika daftari la dawa zilizopitwa, linafungwa, linapelekwa kuchomwa. Kabla ya stika, wenye maduka walikuwa wanaweka mzigo mpya mbele kwa sababu unapendeza, ule wa zamani unazeekea nyuma. Baada ya stika, hata mfagiaji aliweza kuona kilichokaribia kufa.

Stika nilizichapisha kwa wingi. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: MWADIME, MSHAURI WA DAWA. Mbona nisiandike? Jina lile nilikuwa nimelitafuta mwenyewe, bila baba tajiri wala mjomba aliyeniamini.

Mwanafunzi wangu bora wa stika alikuwa Josephat, mwenye duka kubwa la dawa mjini Voi ambalo huuzia maduka madogo. Kila baada ya miezi mitatu nilikuja kufungua daftari lake la dawa zilizopitwa, na kila mara lilikuwa jeupe. Hakuna kopo lililoandikwa humo, wala pakiti. Miaka miwili. Nililipiga picha daftari hilo nikawaonyesha watu kwenye semina: tazameni, hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Josephat alikuwa akiniita mwalimu. Nilipenda.

Jumamosi moja nilipanda Wusi, kijijini kwetu mlimani, kumwona shangazi yangu Mkawasi, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Alikuwa amenipigia simu kwamba kichwa kinamzunguka. Nilimkuta ameketi mlangoni, jembe pembeni, hajalima siku nne, jambo ambalo kwa shangazi ni kama mtu mwingine kulazwa hospitali. Nilimfunga mashine ya presha mkononi. Namba ya juu ilikaribia mia mbili. Nikapima tena nikidhani mashine imekosea. Haikukosea.

"Shangazi, dawa humezi?"

"Nameza kila siku asubuhi. Unafikiri mimi mtoto?"

Akaingia ndani akanitolea pakiti kutoka chini ya kitambaa cha meza. Pakiti ya dawa ya presha, na juu yake stika nyekundu yenye jina langu. Tarehe ilikuwa imepita kwa miezi saba.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kibandani hapo chini. Zahanati waliishiwa. Ziko nyingi, na bei si mbaya."

"Hukuangalia tarehe?"

"Tarehe ya nini? Niliangalia jina." Akaweka kidole juu ya stika. "Mwadime. Nikasema, hii ni ya kwetu. Hata jirani, Mama Wakesho, nilimwambia asinunue ile isiyo na jina la mwanetu, asije akauziwa takataka."

Niliwahi kusikia habari za daktari aliyemdhuru mgonjwa kwa mwandiko mbaya. Mimi nilikuwa namdhuru shangazi yangu kwa herufi kubwa nzuri.

Niliteremka kibandani. Dawa zilipangwa chini ya bati, kati ya sabuni na mafuta ya taa, zikipigwa na jua la mchana. Dawa haifi siku ile ile tarehe inapopita, msinielewe vibaya. Lakini hizi zilikuwa zimepitwa na pia zimepikwa. Mwenye kibanda, mama mpole, alinitambua kwa sura akafurahi. "Karibu mwenyewe! Leo umekuja kuona biashara yako?" Ukutani alikuwa ameandika kwa chaki: DAWA ZA MWADIME ZIPO. Nilimweleza. Alifunga kibanda papo hapo, akakaa juu ya gunia, akaanza kunitajia kwa majina watu aliowauzia.

Nilikimbilia zahanati, kwa Sista Malemba, muuguzi mkuu. Nilimwekea pakiti ya shangazi mezani. Alisoma tarehe, akasoma jina.

"Miezi miwili presha za wazee wangu zimegoma kushuka," akasema. "Nimewagombeza kwa chumvi mpaka Mzee Mwasaru akaacha kunisalimia. Kumbe ni wewe."

"Sista, mimi sikujua."

"Sawa, hukujua. Sasa ukiwanyang'anya hizo, utawapa nini? Stoo yangu haina hata kidonge. Mzigo umechelewa na hakuna anayeniambia unakuja lini. Nina zaidi ya watu hamsini wa presha kwenye daftari. Unataka niwaambie wameze maombi?"

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Watu hamsini na kitu, shangazi yangu akiwa mmoja wao, walikuwa na dawa mbovu mikononi, na nikiichukua wangebaki bila chochote. Mtu wa presha ile anaweza kuanguka shambani akaamka upande mmoja haufanyi kazi, au asiamke. Na kila mmoja wao alikuwa amemeza kwa sababu aliniamini.

Kuna desturi ya vituo vya afya ambayo haimo katika vitabu vya chuo: kuazimana dawa. Kituo kilichoishiwa huandikia kingine barua, kinapewa maboksi, na mzigo wake ukija kinarudisha kama kilivyopewa. Sista Malemba aliandika barua tatu. Chini ya sahihi yake nami nikatia yangu, kama mdhamini, nikashuka mlima.

Bi. Zuhura alianza kupanga pakiti kwenye mfuko kabla sijamaliza sentensi. "Nenda mwanangu, maneno utayamalizia ukirudi," akasema. Huko Mwatate, mwenye kliniki alinisikiliza, akagonga meza kwa kicheko. "Mwalimu wa tarehe leo ameshikwa na tarehe!" Akaniacha nisubiri kwenye benchi na wagonjwa mpaka alipomaliza foleni. Nilisubiri. Kisha akanipa.

Wa tatu alikuwa Bi. Salome, mwenye kliniki Taveta, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Alitoa karibu akiba yake yote ya mwezi, kisha akachukua karatasi akaandika masharti: dawa ile ile, nguvu ile ile, tarehe isiyo fupi kuliko hizi, ndani ya mwezi mmoja.

"Masharti makali haya," nikamwambia. "Umeyatoa wapi?"

"Kwenye semina yako," akasema. "Weka sahihi hapa."

Jumapili nilisimama kanisani Wusi wakati wa matangazo. Nimezungumza mbele ya madaktari, mameneja na wakaguzi, lakini sijawahi kuogopa kama siku hiyo. Niliwaambia dawa zenye stika nyekundu zimepitwa na wakati, na jina lililo juu yake ni langu. Nikawaomba wakazilete baada ya ibada, watapimwa na kupewa nyingine.

Mbele ya kanisa letu huwa kuna meza ya mnada: wasio na pesa ya sadaka huleta kabeji, mayai, hata jogoo, na wenzao hununua. Basi dawa zangu zikaja kuwekwa hapo, kando ya kabeji. Watu walikwenda nyumbani na kurudi wakiwa na pakiti mikononi, mikobani, na mmoja ndani ya kofia. Mzee Mwasaru aliuangalia ule mrundo, akapaza sauti: "Na hizi tunapiga mnada? Mimi naanza na shilingi kumi!" Kanisa lote lilicheka. Mimi niliona jina langu likipangwa juu ya jina langu, mstari baada ya mstari. Maisha yangu yote nilitamani kuliona limeenea hivyo.

Shangazi alikuja wa mwisho, akitembea polepole na fimbo. Aliweka pakiti yake, akageuka kuwaangalia watu. "Jina ni zuri," akasema kwa sauti. "Dawa ndiyo mbaya." Akaenda kupanga foleni kwa Sista Malemba kama wengine wote.

Mwenye kibanda alikuwa ameniambia mzigo wake ulitoka kwa Josephat, na Jumatatu nilikuwa dukani kwake kabla hajafungua mlango.

"Mwalimu, mbona mapema?"

Nilimwekea pakiti kumi kwenye kaunta. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka kwamba hakushtuka.

"Hizi nilipoziuza zilikuwa hai," akasema. "Zilikuwa zimebakiza mwezi, mwezi na nusu. Nawauzia watu wa vibanda kwa bei ya chini. Mtu akizilaza huko kwake, hiyo ni juu yangu?"

"Kumbe ndiyo maana daftari lako ni jeupe?"

"Si ulilisifu wewe mwenyewe? Ulilipiga picha."

"Mbona hukuniambia dawa zinakwenda wapi?"

"Mwalimu," akasema, na naapa alikuwa ananihurumia, "hukuwahi kuniuliza. Na kusema kweli zile stika zimenisaidia. Huko milimani hawataki dawa isiyo na stika."

Niliegemea kaunta. Duka la ukubwa ule, kwenye joto lile, miaka miwili bila hata kopo moja kupitwa! Sista wa Salaita alijaza chati yake siku kumi na mbili mbele, nami nikaliona hilo kwa dakika moja, kwa sababu lilikuwa kosa lake. La Josephat sikuliona kwa sababu ule weupe ulikuwa sifa yangu. Siku hiyo hiyo niliwaandikia wakaguzi. Katika barua nilijitaja mimi wa kwanza, yeye wa pili.

Nilizunguka kwa wateja wangu wote nikabandua kila stika yenye jina langu. Mpya nilizotengeneza hazikuwa na jina. Zilikuwa na mwezi na mwaka wa kupitwa kwa tarakimu kubwa, na maneno: ISITOKE DUKA HILI KWA JUMLA. Na daftari jeupe nikawa naliulizia maswali kuliko daftari chafu. Wateja watatu waliniacha kwa hilo. Waliobaki ndio walionifanya niwe nilivyo.

Mzigo wa zahanati ulizidi kuchelewa, na mwezi niliopewa ulikuwa unakwisha. Nilinunua dawa mwenyewe, kila pakiti, nikachagua siku moja ya kuzirudisha zote. Shangazi alikuwa tayari amerudi shambani. Namba yake ya juu ilikuwa imeshuka chini ya mia na arobaini, na alikuwa amenikataza kumpigia simu kabla ya saa nne kwa sababu nampotezea ubaridi wa asubuhi wa kulimia.

Saa mbili nilikuwa kwa Bi. Zuhura. Alihesabu, akaangalia kila pakiti, akatia sahihi. Saa tatu na nusu nilikuwa Mwatate. Yule bwana alinitania tena, akatia sahihi. Saa tano na nusu nikashuka garini Taveta na boksi la Bi. Salome.

Alivaa miwani. Alitoa pakiti moja moja, akalinganisha tarehe na karatasi yake, akazipanga. Karibu na mwisho akasimama, akaweka moja kando.

"Hii siichukui, mwalimu."

"Ina nini?"

"Uliyoazima ilikuwa ya mwezi wa tano. Hii ni ya mwezi wa nne."

"Bi. Salome, mwezi mmoja tu!"

Akavua miwani akaniangalia. "Ungekuwa wewe, ungeichukua?"

Nilirudi Voi, kilomita mia moja na zaidi, nikapekua mzigo uliobaki ofisini mpaka nikapata ya mwezi wa sita. Nikapita tena njia ile ile kwenye jua la mchana, pakiti ikiwa kwenye kisanduku cha baridi ingawa haikuhitaji, maana sikutaka kumpa sababu nyingine. Saa kumi kasoro nilikuwa mlangoni pake. Alikuwa anamsikiliza mgonjwa kifua, akaniashiria nikae. Nilikaa.

Alipomaliza aliisoma tarehe kwa sauti, akaiandika kwenye kadi ya stoo, akatia sahihi, kisha akanigeuzia daftari nami nitie yangu.

"Tumemalizana, mwalimu," akasema, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata.

Kutwa nzima nilikuwa nimeendesha zaidi ya kilomita mia tatu, na safari mbili kati ya hizo zilikuwa za pakiti moja ya vidonge. Nilikaa kwenye benchi lake kitambo kabla ya kuondoka, nikimsikiliza akiuliza maswali ndani. Sikuwahi kuona kazi yangu ikifanywa vizuri hivyo na mtu mwingine.